Oregon na meth: yanayosemwa na yaliyopo

Jimbo la Oregon, Marekani, huletwa kwenye mabishano ya dawa za kulevya ama lisifiwe ama lilaaniwe. Kati ya 2006 na 2024 lilibadili sheria zinazogusa methamfetamini, yaani meth, mara nne, na kila badiliko liliacha uvumi wake.

"Walibana vidonge vya mafua, meth ikaisha."

Kilichoisha ni majiko. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 meth ilipikwa sana majumbani, kwenye vibanda na vyumba vya moteli, kwa pseudoefedrini, ile dawa ya kuzibua pua. Sheria ya shirikisho, yaani ya Marekani nzima, ya 2006 ikaweka kikomo cha gramu 3.6 kwa siku na gramu 9 kwa siku 30, mnunuzi aonyeshe kitambulisho na kusaini. Tundu lake lilionekana mapema: mpikaji anatuma watu kumi, kila mmoja ananunua kiasi halali, jioni mzigo umekamilika. Oregon ilikaza zaidi. Kuanzia Julai 1, 2006 hakukuwa na pseudoefedrini bila cheti cha daktari, na hakuna jimbo lililokuwa limefanya hivyo kabla yake. Mississippi ilifuata 2010.

Maabara zilizokamatwa Oregon zilipungua kwa zaidi ya asilimia 90 kutoka kilele cha 2004. Kwa haki, anguko hilo lilianza kabla ya sheria ya cheti, vidonge vilipohamishiwa nyuma ya kaunta. Watumiaji hawakupungua kwa kiasi hicho hata kidogo. Magenge ya Mexico yaliziba pengo, na nchi yao ilipopiga marufuku pseudoefedrini mwaka 2008, yakahamia kemikali za viwandani zisizohitaji kidonge chochote cha mafua. Bidhaa ikatoka safi zaidi na ya bei ya chini. Kufikia Januari 1, 2022 Oregon ilirudisha vidonge dukani bila cheti, kwa mwenye miaka 18 au zaidi na kitambulisho, kwa kuwa aliyekuwa akisumbuliwa na cheti sasa alikuwa mgonjwa wa mafua.

"Oregon ilihalalisha meth."

Haikuhalalisha. Kura ya maoni ya Novemba 2020, iliyopita kwa takribani asilimia 58, iliondoa kosa la jinai kwa kupatikana na kiasi kidogo tu, ambacho kwa meth ni chini ya gramu 2. Kuuza na kutengeneza kulibaki jinai. Kuanzia Februari 1, 2021 aliyekamatwa na kiasi hicho alipewa hati ya faini ya dola 100, ambayo ingefutwa akipiga simu na kufanyiwa tathmini ya afya.

Mpango ulikwama hapo kwenye simu. Asiyepiga na asiyelipa hakupata adhabu nyingine, hivyo hati nyingi ziliishia mfukoni na waliopiga wakawa wachache mno. Fedha za tiba, zilizotoka kwenye kodi ya bangi, zilichelewa kufika kwa watoa huduma. Wakati huohuo fentanili, dawa kali sana ya jamii ya heroini, ilikuwa inaingia pwani ya magharibi, na vifo vikapanda. Kama sheria ndiyo iliyovipandisha, tafiti zimegongana. Zilizohesabu kuenea kwa fentanili hazikuona mchango wa sheria. Bunge la jimbo halikusubiri wataalamu waelewane. Gavana Tina Kotek alisaini sheria mpya Aprili 2024, na tangu Septemba 1 kupatikana na meth ni kosa dogo la jinai tena. Kaunti inaweza kumpeleka mtu kwenye tiba kabla ya mashtaka, lakini si kila kaunti ilijiunga.

"Si kama mirungi iliyokolezwa tu?"

Zote huchangamsha, ni kweli. Ila nguvu ya mirungi hupungua ndani ya saa chache, na mdomo wenyewe huchoka kutafuna. Meth huhitaji saa 10 hadi 12 ili nusu yake tu iondoke mwilini. Anayerudia kabla ya hapo anarundika dozi juu ya dozi, halali siku kadhaa, kisha anaanza kusikia sauti na kuona anafuatiliwa.

"Methadoni ipo, wapewe."

Jina linapotosha. Methadoni, inayotolewa Muhimbili tangu 2011, ni ya waraibu wa heroini na jamii yake. Kwa meth haina kazi. Hata arosto si ileile: wa heroini hutapika na kuumwa mwili mzima, wa meth hulala mno, hula mno, kisha huzama kwenye huzuni inayoweza kumfikisha kutaka kujiua. Huyo asiachwe peke yake wiki za mwanzo.

Hakuna dawa iliyoidhinishwa Marekani kwa uraibu wa meth. Jaribio lililochapishwa 2021 liliunganisha sindano ya naltrexone kila wiki tatu na vidonge vya bupropion. Walioitikia walikuwa asilimia 13.6, dhidi ya 2.5 waliopewa dawa bandia. Ni hatua, lakini fupi.

Njia yenye ushahidi mzito kuliko zote ndiyo inayowaudhi wanasiasa: kumzawadia mtu kila mkojo wake unapopimwa na kukutwa safi. California, jirani wa Oregon, ilianza 2023 kuigharamia kupitia bima ya watu wa kipato cha chini. Programu ni ya wiki 24: vipimo viwili kwa wiki katika 12 za mwanzo, kisha kimoja. Zawadi huanza dola 10 na kupanda kidogokidogo. Kipimo kikionyesha dawa, au mtu asipofika, inarudi dola 10. Jumla haivuki dola 599. Inaharibika kirahisi: kliniki ikilimbikiza zawadi hadi mwisho wa mwezi, au majibu yakichelewa, kinachobaki ni ahadi tu.

"Aliyezidisha apewe naloxone, atazinduka."

Naloxone, dawa ya kumzindua aliyezidisha heroini na jamii yake, haigusi meth. Hata hivyo mpe asiyeamka au anayepumua kwa shida, kwa sababu huenda kuna fentanili ndani, na naloxone haimdhuru asiye na fentanili mwilini. Anayewaka joto, kifua kikimbana au akitetemeka, mtoe juani, mpoze kwa maji, piga 911, namba ya dharura ya Marekani.

Vijikaratasi vya kupimia fentanili navyo huwadanganya watu. Meth nzito hutoa majibu ya uongo, kwa hiyo miligramu 10 huyeyushwa katika kijiko kizima cha chai cha maji, mara mbili ya maji yanayotumika kwa dawa nyingi nyingine. Na mstari mmoja ndio hatari. Miwili ina maana fentanili haikuonekana, kinyume cha kipimo cha mimba.

"Jimbo likinisamehe, uhamiaji hauna neno."

Hili linawahusu Wakongo na Waswahili wengine wa Portland, jiji kubwa la Oregon. Sheria ya uhamiaji ni ya shirikisho. Hukumu ya kumiliki meth, hata chembe, inaweza kumfukuzisha mwenye green card. Sheria hiyo husamehe kiasi kisichozidi gramu 30, lakini ni cha bangi pekee, kwa kosa moja la matumizi binafsi. Ukikiri mahakamani ukapewa masharti, shirikisho huhesabu hukumu hata jimbo likifuta kesi baadaye. Kwa hiyo ukipewa programu yoyote, uliza kwanza kama inadai ukiri kosa. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa 2010, wakili wa utetezi ana wajibu wa kukueleza athari hiyo kabla hujakiri.