"Fundi, hii si ni ya mlima? Inapita popote!"

Jumamosi iliyopita kijana mmoja aliniletea baiskeli aliyoinunua kwenye kontena la mtumba. Aliiegemeza kwenye benchi langu hapa Moshi kwa madaha, utadhani ameleta farasi. Foku, yaani uma unaoshika gurudumu la mbele, ni ndefu na imebanwa juu na chini ya shingo kama ya pikipiki, shokapu ya nyuma ina springi nene kuliko kifundo cha mkono wangu. Nilipoinyanyua kuitundika, kiuno kilinikumbusha umri. Kilo 17 na ushee.

Nikamuuliza, utakwenda nayo wapi?

"Kazini TPC, kiwanda cha sukari, kila siku. Jumapili napanda Materuni. Halafu mwezi wa 12 tuna safari ya Arusha na washkaji."

Nikamwambia kwa kazi zote hizo tatu, hii ndiyo baiskeli ya mwisho ambayo ningemchagulia. Akacheka. "Fundi, hii si ni ya mlima? Inapita popote!"

Sentensi hiyo nimeisikia mpaka siku hizi mteja akifungua mdomo naimalizia mwenyewe. Kwa hiyo leo naiandika mara moja, atakayeuliza tena nitampa simu asome wakati mimi naendelea na spoku zangu.

Dhana: baiskeli ya mlima ni moja, na moja inatosha kwa kila njia

Neno "mlima" ndilo linalotuponza. Watu wanalichukua kama cheo, kwamba ikishaitwa ya mlima basi imefuzu barabara zote. Lakini mlima una kupanda na una kushuka, na kinachokusaidia kushuka ndicho hichohicho kinachokunyonya pumzi wakati wa kupanda.

Ya kijana wangu ilitengenezwa kwa kushuka tu. Baiskeli za aina hiyo shokapu zake zinacheza hadi milimita 200 hivi, na foku imelala mbele kwa pembe ya nyuzi 62 hadi 64 ili gurudumu litangulie mbali na wewe usirushwe juu ya usukani kwenye mteremko wa mawe. Anayeishindania hapandi nayo kilima, anapandishwa na gari au kiti cha kamba, kisha anateremka. Za mbio za kupanda na kushuka, zile tunazoziona Olimpiki tangu Atlanta 1996, foku yake inacheza milimita 100 hadi 120, pembe yake imesimama zaidi, nyuzi 67 hadi 69 hivi, na uzito ni kilo 10 hadi 12. Katikati yake kuna za njia za msituni zenye milimita 130 hadi 150. Zote zinaitwa za mlima. Hata lori la mchanga na daladala yote ni magari.

Na si jambo jipya. Mchezo huu ulikua California miaka ya 1970, na mashindano yake ya Repack yalianza 1976 kwa baiskeli kuukuu za matairi manene zenye breki ya kukanyagia nyuma. Wakifika chini, grisi ndani ya haba, kile kitovu cha gurudumu, imeshaungua inatoa moshi, haba inafunguliwa na kujazwa grisi upya. Jina Repack, yaani kujaza upya, limetoka huko. Kurudi juu walisukuma au walipakia kwenye pikapu. Tangu mwanzo, yule wa kushuka hakujali sana kupanda.

Turudi kwa kijana, maana hakuamini. Nikamwambia aendeshe mpaka kwenye mwembe na kurudi, mimi nichuchumae pembeni niangalie shokapu. Kila alipokanyaga pedeli ilididimia, alipolegeza ikainuka. Didimia, inuka, didimia, inuka, kama kitanda cha gesti. Sehemu ya nguvu yake inaishia kwenye springi, na hapo ni mita 40 za tambarare. Mpeleke barabara ya TPC, vumbi la miwa usoni na upepo wa mbele, aende na kurudi kila siku.

Halafu tukahesabu meno. Mbele kuna sproketi moja ya meno 36, nyuma kubwa kuliko zote ni ya 25, magurudumu ya inchi 26. Gia yake nyepesi kabisa inamsogeza karibu mita 3 kwa mzunguko mmoja wa pedeli. Baiskeli ya kisasa ya kupandia yenye 32 mbele na 51 nyuma, kwa gurudumu la 29, inakwenda chini kidogo ya mita moja na nusu. Maana yake ni kwamba anapopandisha kwenda Materuni, pale kahawa na migomba inapoanza kukuzidi kimo, mwenzake anakanyaga taratibu huku anaongea, yeye ameshashuka anasukuma kilo 17. Mama wa mzigo wa ndizi kichwani atampita na kumpa pole.

Wapo pia wa upande wa pili, ila hao nawahurumia zaidi. Mmoja alinunua baiskeli nyepesi ya mbio, nzuri sana, akaanza kuruka nayo kingo za mifongo, ile mifereji ya maji ya mashambani, huko Kibosho kwa sababu "ni mauntini". Aliniletea rimu imepinda kama chapati iliyotolewa mapema.

Sasa ukweli ni upi? Baiskeli moja inaweza kukutosha, nami sitaki kumuuzia mtu baiskeli tatu wakati ana ada ya shule ya kulipa. Lakini itakutosha ukiichagua kwa njia unayopita siku 5 za wiki. Ile unayoiota ukitazama video usiku, iache hukohuko kwenye simu. Mtu wa Moshi anayekwenda kazini, anayepanda Uru au Marangu Jumapili na kuzunguka msitu wa Rau jioni, namwambia achukue isiyo na shokapu ya nyuma, foku ya milimita 100 hadi 120 yenye kitasa cha kuifunga isicheze. Kwenye lami unaifunga, kwenye mawe unaifungua. Isiyo na shokapu ya nyuma haina viungo vya kulia kwiko-kwiko, na vumbi letu linakosa pa kujificha. Pesa iliyobaki nunua jozi ya pili ya matairi. Hili nalirudia mpaka mke wangu analijua. Jozi moja yenye kashata kubwa, yaani meno makubwa ya tairi, kwa udongo mwekundu wa masika, jozi moja laini ya lami. Kubadilisha ni nusu saa na vyuma viwili vya kubandulia tairi. Pembe ya fremu huwezi kuibadilisha kwa nusu saa wala kwa mwaka.

Anayestahili ya milimita 130 au 140 mbele na nyuma ni yule anayeshinda kwenye njia za mawe na mizizi, au anayejipanga kwa njia ya Kilema, ile ambayo baiskeli zinapandishwa Kilimanjaro kuelekea Horombo, mita 3,720. Huko unapanda kutwa, lakini ukigeuka kushuka mikono itaishukuru kila milimita. Huyo simbishii. Ila ajue foku inataka huduma, na watengenezaji wengi wanataka mirija ya chini ifunguliwe, isafishwe na kuwekwa mafuta mapya kila baada ya saa 50 za kuendesha. Kwa vumbi la kiangazi hapa mimi siendi hata hizo 50.

Dhana: tairi likiwa gumu kama jiwe ndiyo baiskeli inakimbia

Kwenye lami, sawa, kiasi. Kwenye kokoto tairi gumu linarukaruka badala ya kushika, na kila kuruka ni mwendo uliopotea. Mtu wa kilo 70 mwenye tairi la inchi 2.25 ajaribu psi (kipimo cha presha ya upepo) 28 hadi 30 kwenye udongo, apandishe hadi 40 hivi kwa safari ya lami, bila kuvuka namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi. Vijana wa pampu za barabarani wanajaza mpaka mkono uchoke. Nunua pampu yako yenye geji.

Dhana: 28 ni ndogo kuliko 29, kwa hiyo tairi la 28 la Phoenix litabana tu kwenye rimu ya 29

Halibani. Rimu ya zile baiskeli za zamani za 28 kwa 1½ ina kipenyo cha milimita 635. Rimu ya 29 ni milimita 622. Umesoma vizuri, ile ya 28 ndiyo kubwa. Namba ya inchi ilihesabu na unene wa tairi, ndiyo maana inadanganya. Tafuta namba ndogo ubavuni mwa tairi, kama 57-622. Ya mwisho ndiyo ya rimu: 559 ni ya 26, 584 ni ya 27.5, 622 ni ya 29. Ukinipigia simu ukiwa sokoni Memorial, nisomee hiyo.

Dhana: gia 21 ni bora kuliko 12

Nyingi kati ya hizo 21 zinajirudia. Sproketi 3 mbele mara 7 nyuma, unapata namba kubwa ya kubandika kwenye fremu na vitu viwili zaidi vya kuharibika. Tazama meno, usitazame idadi.

Dhana: tairi lisilo na tyubu halipati pancha

Linapata, ila dawa ya ndani inaziba tundu la mwiba kabla hujajua. Kwa mbigiri za Himo kuelekea Chala ni neema kubwa. Lakini dawa inakauka, na kwa joto letu inakauka haraka. Mtu anakaa mwaka mzima bila kuongeza, kisha anakuja kuniambia nilimdanganya.

Dhana: baiskeli inaoshwa kama pikipiki

Yule kijana, kabla ya kuniletea, aliipitisha kwenye mashine ya kuosha bodaboda ili ing'ae. Iling'aa kweli. Maji ya presha yalipita pembeni mwa sili, ile mipira ya kuzuia maji, yakaingia kwenye shingo, kwenye haba, na kwenye viungo vyote vya shokapu ya nyuma. Ndoo, kitambaa na sabuni vingemtosha. Beringi za shingo nilizozitoa zilidondosha maji ya rangi ya chai kwenye viganja vyangu, na moja haizunguki tena. Nimeagiza nyingine, anakuja Jumatano. Ameshanitumia ujumbe kuuliza kama tukibadilisha matairi tu itafika Arusha.