“Umeme Huo, Bwana”: Dhana Potofu Kuhusu Ripoti za Matengenezo

Juzi nilikuwa Pemba, kwenye kiwanda cha barafu, nikauliza kwa nini uzalishaji umeshuka. Jibu nililijua kabla sijapewa kiti: “Umeme huo, bwana.” Nimelisikia mjini na shamba, Unguja na Pemba, na sasa nimechoka.

Dhana: Kinachotuangusha ni umeme.

Ilipotoka dhana hii napajua. Mwaka 2008 Unguja tulikaa gizani karibu mwezi mzima, kisha tukakaa tena miezi mitatu kuanzia Disemba 2009. Lakini Pemba ina waya wake wa chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010, na Unguja ilipata waya mpya mwaka 2013. Umeme bado unakatika, sikatai. Nauliza tu: ni mara ngapi?

Daftari la zamu la mwezi ule lilikuwa na neno “umeme” mara 19. Nikaomba daftari la jenereta. Jenereta imewashwa mara 7. Hizo 12 nyingine?

Fundi wa zamu, kijana mwema kabisa, akanieleza bila kificho: ovalodi (swichi ya kinga inayokata umeme mota ikizidiwa) ya mota ya kompresa inakata, anabonyeza kitufe, kazi inaendelea, naye anaandika “umeme umekatika”. Hajasema uongo, maana umeme wa mota ulikatika kweli! Ila ovalodi haikati kwa kupenda. Mota inavuta ampea kupita kiasi, pengine beringi imekauka grisi, pengine kondensa, ile inayopoza gesi ya mashine, imeliwa na chumvi ya upepo wetu na presha imepanda. Mara 12 mashine imepiga kelele, mara 12 imezibwa mdomo. Mota ikiungua, nayo itaandikwa “umeme”.

Na zile 7 za kweli? Siku moja umeme ulikosekana dakika 10, barafu ikaanza kutoka baada ya 55. Dakika 45 hizo ni zetu wenyewe: betri ya jenereta imekufa, na ufunguo wa chumba chake uko nyumbani kwa mtu.

Kwa hiyo igaweni safu ya “sababu”: umeme wa nje, umeme wa ndani. Andikeni nyakati tatu: mashine iliposimama, umeme uliporudi, na mzigo mzuri wa kwanza ulipotoka. Ampea za mota zisomwe kila zamu. Hakuna haja ya programu ya kompyuta. Kaunta buku moja, na kalamu iliyofungwa kamba ili isitembee.

Dhana: Wastani wa saa 500 kati ya hitilafu maana yake hadi saa 500 tuko salama.

La. Huo ni wastani. Kwa hitilafu zinazokuja bila mpangilio, uwezekano wa kufika saa 500 bila kusimama ni kama asilimia 37 tu. Msiutumie kama tarehe ya kuisha dawa.

Dhana: Mashine inafanya kazi asilimia 90 ya muda, basi tumefaulu.

Zidisheni hiyo 90 na asilimia ya kasi, kisha na asilimia ya ubora. 90 kwa 90 kwa 90 inatoa kama 73. Ile 85 inayotajwa sana kama lengo la viwanda, ya Mjapani Seiichi Nakajima, mtaalamu wa matengenezo, inatokana na 90, 95 na 99. Na hata hiyo msiibandike ukutani kabla ya kujua yenu ya leo.

Dhana: Oveholi ya kila mwaka inamaliza matatizo.

Utafiti wa 1978 wa Nowlan na Heap, wa shirika la ndege la United la Marekani, kwenye vifaa vya ndege, ulikuta vilivyochakaa kwa umri ni asilimia 11 tu. Kufungua mashine nzima iliyotulia ni kuialika hitilafu mpya.

Dhana: Mafundi wetu hawapendi kuandika.

Wanaandika wapi, na nani anasoma? Ripoti inapanda ofisini, hairudi karakana. Fundi aliyeomba beringi kwenye daftari mara nne na hakuletewa hata moja, mara ya tano ataandika “imetengenezwa”. Mie pia ningeandika hivyo hivyo.