Megapikseli Haziongezi Mwanga Ukumbini

Wapiga picha wengi wanaoanza huamini kwamba picha za harusi zikitoka na chenga (vidoadoa vya mwanga hafifu), dawa ni bodi mpya, yaani kamera yenyewe bila lenzi, yenye megapikseli nyingi zaidi (mamilioni ya nukta zinazounda picha). Sivyo. Kutoka megapikseli 24 hadi 48 kunasikika kama kupata mara mbili, kumbe upana wa picha umeongezeka kwa asilimia 41 hivi tu, na mwanga unaoingia haujabadilika.

Mwanga hupitia kwenye lenzi. Ile ya 18–55mm inayouzwa pamoja na kamera, ukiivuta hadi mwisho, kwa kawaida tundu lake halifunguki zaidi ya f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Lenzi ya 50mm f/1.8, ambayo ni miongoni mwa zile za bei nafuu kabisa, hupitisha karibu mara kumi ya mwanga huo. Ulipolazimika kutumia ISO 6400 (ISO ni usikivu wa kamera kwa mwanga; ukiipandisha, chenga huongezeka), sasa 640 inatosha, chenga zinapungua na mapambo nyuma ya bibi harusi yanafifia vizuri. (Picha ya ukoo mzima usiipige kwa f/1.8, watu wa safu ya nyuma watatoka na ukungu.)

Wenye Nikon za D3000 na D5000 waangalie: bodi hizo hazina mota ya fokasi, hivyo chukua 50mm f/1.8G, yenye mota yake, si ile ya D inayotegemea mota ya bodi.

Bodi nayo ina siku yake, sikatai. Anayepiga picha za mpira na fokasi inampotea kila mara atahitaji bodi. Lakini lenzi hudumu kuliko bodi: lenzi za Canon EF zilizoanza 1987 bado zinafanya kazi kwa adapta kwenye kamera mpya za Canon zenye RF, mfumo mpya wa kufungia lenzi; bodi za mwaka ule zilitumia filamu.