Eko ya Memphis siitoi

Juzi nimeletewa tena. Safari hii ni kijana mtangazaji, ana kipindi cha zilipendwa za kizungu Jumapili asubuhi, kaja na flashi mkononi. "Shikamoo fundi. Nina Elvis humu wa mwaka 55. Chumba walichorekodia inaonekana kilikuwa kitupu, sauti inagonga ukuta na kurudi. Naomba unisafishie, toa hiyo eko, na ikiwezekana ifanye stereo."

Nikamuuliza ni wimbo gani. "Mystery Train."

Nikainuka kwenda kubandika chai, maana ningemjibu papo hapo tungekosana.

Huyu ni wa nne mwaka huu. Wote wanakuja na imani ileile: watu wa miaka ya 50 walikuwa na vifaa duni, wakarekodi walivyojaliwa, na kila unachokisikia kisicho cha kawaida ni ubovu wa kutibiwa na kompyuta ya mzee mimi. Kazi yangu ni kuhamisha santuri na kanda za zamani, kwa hiyo ubovu naujua, nashinda nao. Ila eko ya Memphis si ubovu. Leo naandika mara moja, na wa tano akija nitamtumia kiungo.

Chumba chenyewe kipo Union Avenue namba 706, Memphis, Tennessee. Sam Phillips alikifungua Januari 1950 kikiitwa Memphis Recording Service. Lebo yake, Sun, ikafuata 1952. Na hakukiacha kitupu. Kuta na dari alizibandika vigae vya kumeza sauti, na dari akaikunja kwa umbo la V kadhaa ili sauti isipige juu na kukurudia usoni. Mtu aliyehangaika hivyo kuzuia mwangwi wa chumba unamwambiaje kwamba mwangwi umemponyoka?

Eko ilitoka kwenye mashine. Phillips alikuwa na Ampex mbili, mashine za kurekodi kwa kanda. Ya kwanza inarekodi wimbo. Sauti hiyohiyo anaipitisha kwenye ya pili: kichwa cha kurekodia kinaiandika kwenye kanda, kanda inasogea, kichwa cha kusomea kinaisoma, sauti inarudi mezani na kuchanganywa na ile inayoimbwa wakati huo. Piga hesabu. Kanda ikikimbia inchi 15 kwa sekunde, na vichwa vikiwa vimeachana inchi 2, sauti ya pili inachelewa milisekunde 133. Sasa chukua ukuta. Ili ukuta ukurudishie sauti kwa kuchelewa huko, inabidi uwe mita 23 hivi kutoka uliposimama. Chumba chote cha Phillips hakifiki hata nusu ya hapo. Tena chumba kitupu hakirudishi pigo moja safi. Kinarudisha mamia yaliyokorogeka, ule mvumo unaousikia ukiongea ndani ya nyumba isiyoezekwa dari. Ya Memphis ni pigo moja, kavu, kisha kimya. Hizo ni eko mbili tofauti kama chapati na maandazi, na ninachoka kuona zinaitwa kitu kimoja.

Kwa nini alijisumbua? Hesabu watu waliomo. Elvis na gitaa lake la kusindikiza, Scotty Moore kwenye solo, Bill Black kwenye besi la kusimama. Basi. Dramu hakuna. Black ndiye mpiga ngoma: anavuta waya na kuuachia ugonge ubao wa shingo, kah, kah, juu ya noti yenyewe. Wimbo ukienda mapigo 120 kwa dakika, pigo moja lina milisekunde 500, na robo yake ni 125. Kwa hiyo ile "kah" inayorudi baada ya 130 hivi inaangukia karibu kabisa kwenye robo ya pigo, mahali ambapo mpiga dramu mwenye mkono mwepesi angejaza. Besi moja imekuwa besi na ngoma. Watu watatu wanasikika watano. Toa eko, ubaki na vijana watatu wakifanya mazoezi sebuleni.

Na kwenye Mystery Train kuna eko mbili. Moore alikuwa amenunua amplifaya ya EchoSonic, iliyotengenezwa na fundi aitwaye Ray Butts, yenye kanda ya eko ndani ya sanduku lake. Gitaa limeshapata eko yake kabla hata halijafika kwenye meza ya Phillips. Kijana ananiambia nitoe "hiyo eko". Ipi?

Hata ningetaka, haitoki. Imeandikwa pamoja na sauti kwenye mstari mmoja wa kanda. Ni kama kuniomba nitoe sukari kwenye chai iliyokwisha korogwa. Zipo programu siku hizi zinazodai zinaweza, nimezijaribu, na kinachobaki ni Elvis anayeimba ndani ya mtungi.

Kama bado unadhani ilikuwa bahati mbaya, uliza RCA, kampuni kubwa ya santuri. Novemba 1955 walilipa dola 35,000 kununua mkataba wa Elvis. Januari 1956 wakamweka studio Nashville, vifaa bora, fedha tele, na eko ileile wakashindwa kuipata. Wakaegemea korido: spika upande huu, mikrofoni upande ule. Ndiyo mvumo mrefu wa Heartbreak Hotel. Wimbo ukafika kileleni, sikatai, na ni mzuri, lakini ule ni mwangwi wa nyumba. Sikiliza zote mbili usiku mmoja kwa hedifoni na utaelewa ninachogombania.

Kuhusu nani alianzisha rock and roll, sitaki kesi. Sister Rosetta Tharpe alikuwa anachana gitaa la umeme juu ya nyimbo za injili mwaka 1944. Fats Domino alirekodi The Fat Man New Orleans, Desemba 1949. Elvis aliingia studio Julai 1954 akakuta meza imeshaandaliwa, na mwenyewe hakudai vinginevyo. Tuendelee.

Ninachopenda zaidi ni kwamba Phillips alikuwa na tabia ya kuangalia ajali na kuamua abaki nayo au la. Machi 1951 bendi ya Ike Turner ilitoka Mississippi kwenda kwake kurekodi Rocket 88, mwimbaji akiwa Jackie Brenston, mpuliza mdomo wa bata (saksafoni) wa bendi. Njiani amplifaya ya gitaa ikaumia. Wengine wanasema ilianguka, wengine ilinyeshewa. Koni ya spika imechanika. Studio nyingine wangekurudisha nyumbani. Pale wakasindilia karatasi ndani ya spika, gitaa likatoka na mkoromo mnene kama mdomo wa bata wa pili, na Phillips akausogeza mbele kwenye wimbo badala ya kuuficha nyuma. Santuri ikatolewa na Chess ya Chicago na kushika namba moja kwenye chati ya R&B. Leo watu wanauziwa vidude vya kukanyaga kwa mguu ili gitaa zima lisikike kama bovu.

Au Johnny Cash, 1956, I Walk the Line. Dramu hakuna, kwa hiyo alipitisha karatasi katikati ya nyuzi za gitaa, pale shingoni. Nimelijaribu hili mwenyewe kwa noti ya elfu. Ikunje kwa urefu, ipitishe juu ya waya mmoja na chini ya unaofuata, hivyohivyo mpaka wa sita, kisha chana. Mlio wa waya unakufa, inabaki "chk, chk" ya ngoma ndogo inayopigwa kwa fagio. Noti mpya inalia vizuri kuliko iliyochakaa. Mke wangu aliingia akanikuta katika hali hiyo, hakuuliza. Na Buddy Holly, kwenye Everyday, mpiga dramu wake Jerry Allison aliacha ngoma akapiga mapaja yake.

Sasa stereo. Hapa naomba mnivumilie.

Wimbo wa 1955 wa Sun ni mono. Hakuna kushoto wala kulia iliyofichwa mahali ikisubiri mtu aje aifungue. Usawa wa vyombo uliamuliwa siku ileile, kwa mikrofoni chache na kwa miguu: anayepaswa kusikika anasogea, aliyezidi anarudi nyuma. New Orleans, kwenye studio ya Cosimo Matassa, ilikuwa hivyohivyo. Mdomo wa bata wa Lee Allen kwenye Tutti Frutti ya Little Richard, Septemba 1955, hukuusikia ukipandishwa na kitufe baada ya wiki mbili. Walichocheza ndicho kilichoandikwa.

Santuri za stereo zilianza kuuzwa na kampuni kubwa mwaka 1958, na mwanzoni mwa miaka ya 60 kila mnunuzi akataka neno hilo kwenye jalada. Kampuni zikachukua mono zao, zikaigawa: besi zaidi upande mmoja, makali zaidi upande mwingine, zikachelewesha kidogo, zikanyunyizia mvumo, zikaandika "stereo ya kielektroniki". Elvis wa 1956 amefanyiwa hivyo. Ndizo nakala nyingi zilizozagaa, ndizo wazee wetu walizonunua, na ndizo zinazowafanya watoto waseme "zamani walirekodi vibaya." Hawakurekodi vibaya! Ziliharibiwa baadaye, na mtu aliyekuwa anauza jalada. Ikiwa hiyo ndiyo nakala pekee uliyonayo, jumlisha pande mbili ziwe moja. Haitapona, ila itaacha kukuumiza kichwa.

Ubovu mwingine uko nyumbani kwako. Sindano ya mifereji myembamba kwenye shelaki, yaani santuri ya zamani ya mizunguko 78 kwa dakika: unasoma takataka za chini ya mfereji. Shelaki inataka sindano ya mikroni 76 hivi, si 25 ya vinaili za mono. Mkunjo wa RIAA, kanuni ya pamoja ya kupunguza besi na kuongeza makali wakati wa kukata santuri ili kifaa cha kuchezea kivirudishe, ulikuja 1954. Santuri ya kabla ya hapo ukiipitisha humo bila kurekebisha, inatoka butu au kali na lawama anabeba mwimbaji.

Na umeme. Kuna mzee mwenzangu, mwanawe alimtumia gramafoni ya zamani kutoka Marekani, akaniita nisikie jinsi Little Richard alivyokuwa na sauti nzito ya kiume tofauti na redioni. Ni kweli, alikuwa mzito kama mtu aliyeamshwa saa tisa usiku. Mzee alikuwa na transfoma nzuri, inashusha volti 230 hadi 110. Lakini transfoma haigusi hezi, yaani mitetemo ya umeme kwa sekunde. Umeme wetu ni hezi 50, wa kwao 60, na mota za aina ile zinafuata hezi. Santuri ya 45 ilikuwa inazunguka mara 37 na nusu kwa dakika, sauti imeshuka nusu-toni tatu. Nilipomrekebishia kapuli akasikiliza, akanuna. Amemzoea yule wa kwanza.

Nami sina usafi wa kujivunia. Miaka ya nyuma nilisafisha santuri ya Bo Diddley ya 1955, ile yenye jina lake mwenyewe. Nikaminya mchakacho mpaka ukaisha, nikajipongeza, nikamkabidhi mteja. Muda mrefu baadaye nikalikuta faili, nikalifungua, nikahisi kuna mtu hayupo. Alikuwa Jerome Green, mpiga manyanga. Programu haijui tofauti ya manyanga na mchakacho wa shelaki. Vyote ni "shhh" kwenye makali. Nusu ya lile pigo linalobeba wimbo ilikuwa mkononi mwake, nami nilimfuta kwa kubofya, nikalipwa. Tangu siku hiyo natoa milipuko ya mikwaruzo mmojammoja kwa mkono, na mchakacho wa chini nauacha. Hata hivyo bado kuna usiku nasimama kwenye sekunde moja, nairudia mara thelathini, na sijiamini kama ninachotaka kukifuta ni uchafu au ni kidole cha mtu kwenye waya.

Kijana nilimtafutia nakala ya mono ya Mystery Train isiyochezewa, nikaondoa mibofyo michache, nikampa. Akasikiliza kwa hedifoni, akaniangalia. "Fundi, mbona eko bado ipo?" Nikamweleza yote haya, kwa ufupi zaidi na kwa sauti ya juu zaidi. Nikamtoza nusu bei.

Jumapili nikafungua redio. Wimbo aliupiga vilevile nilivyompa, mono, wote. Ila alipoingia kuutambulisha, sauti yake mwenyewe alikuwa ameiwekea eko.