Skrini ya gari ikiwaka sana usiku, barabara ndio inapotea

Jana jioni tena nimeisikia. Mgonjwa kakaa kwenye kiti analalamika macho yake usiku yamekuwa mabovu, anataka miwani, namuuliza skrini ya gari unaiwekaje, anajibu bila wasiwasi "mwanga mwisho daktari, ili nione vizuri". Hapana jamani! Unachoona vizuri ni ramani.

Jicho linalizoea giza taratibu sana, zile seli za retina (ule utando wa nyuma ya jicho) za kuonea gizani zinataka dakika 20 hadi 30 ndio zikae sawa kabisa, sasa kila ukitupia jicho skrini nyeupe unazirudisha nyuma, ukiinua kichwa mbele ni giza tii kwa muda, na ukiwa spidi 80 gari linakula mita 22 kila sekunde. Ukishavuka miaka 40 ndio zaidi, maana jicho linachelewa kutoka karibu kwenda mbali.

Nikashuka naye mpaka kwenye gari lake, giza limeshaingia. Ramani inang'aa hadi taswira yake imejibandika kwenye kioo cha mbele, palepale ambapo mtu wa miguu angetokea. Tukapunguza mwanga mpaka maandishi yakabaki yanasomeka tu, na taa za dashibodi pia, tukakaa kama dakika tano tunaongea, mara anasema "kumbe pale ukutani kuna ndoo". Ndoo ilikuwepo muda wote. Miwani sikumwandikia.

Na msiniambie ramani ya rangi nyeusi inatosha, mwanga ukiwa juu bado inaumiza.

Wengine wanasema gari likionyesha namba za spidi kwenye kioo cha mbele basi macho hayatoki barabarani. Macho hayatoki, ila akili inatoka, unasoma namba huku mtu anavuka.

Miwani ya njano ya usiku? Inapunguza mwanga ambao tayari ni mdogo. Utafiti wa 2019 uliipima kwa kuwaona watembea kwa miguu, haikusaidia. Acheni kuinunua.

Kamera ya joto ya gari, ile inayoonyesha vitu kwa tofauti ya joto lao, inasaidia kuona mtu au mnyama, sikatai, lakini jiwe lenye joto sawa na lami linaweza lisionekane kabisa, kwa hiyo usiendeshe kwa kuangalia kamera.

Halafu futeni kioo cha mbele kwa NDANI, ule utando wa mafuta na vumbi ndio unatawanya taa za wanaokuja.