Shahidi ni Aliyekuwapo

Katika semina zetu za msaada wa kisheria hapa Moshi kuna swali halikosi: kama kijiji kizima kinamjua aliyefanya, kwa nini hakimu hataki kusikia? Jibu limo ndani ya neno lenyewe.

Ushahidi ni neno la asili ya Kiarabu, mzizi wake sh-h-d, wenye maana ya kuwapo mahali na kuona. Mzizi huo umetuzalia ukoo mzima: shuhudia, ushuhuda, shahada. Kidole cha shahada kinaitwa hivyo kwa kuwa Mwislamu hukiinua anapoitamka shahada ndani ya sala, na shahada ya chuo nayo ni karatasi inayokushuhudia kwamba ulisoma. Kwa Waarabu, shahidi wa mahakamani na aliyeuawa kwa ajili ya imani ni maneno mawili, kila moja likivutwa kwenye irabu yake. Sisi hatuvuti, kwa hiyo wote wamekuwa shahidi, na Mashahidi wa Uganda wanaitwa kwa jina lilelile la jirani aliyeitwa kueleza kesi ya mbuzi.

Kanisani ni ushuhuda, mahakamani ni ushahidi. Anayetoa ushuhuda Jumapili ana bahati: hakuna wakili wa kumpiga maswali ya dodoso.

Sheria ya Ushahidi ya 1967, ambayo ni Sura ya 6 ya Sheria za Tanzania, inataka ushahidi wa mdomo uwe wa moja kwa moja: jambo lililoonekana alieleze aliyeliona, lililosikika aliyelisikia. Tuseme kuna kesi ya kuharibu mali, masale, mimea inayopandwa kuonyesha mpaka wa kihamba (shamba la nyumbani la Wachaga), yamefyekwa. Mzee anakula kiapo, anasema jirani alimwambia kwamba kijana fulani ndiye aliyefyeka.

“Wewe mwenyewe ulimwona, mzee?”

“Mimi siku hiyo nilikuwa sokoni Himo.”

Basi. Mzee si mwongo, ila hakuwapo. Aliyeona ni jirani, na huyo ndiye wa kuitwa. Wengi hukasirika hapa na kurudi nyumbani wakidai wamenyimwa haki, ilhali mzee bado ana lake la kusema: kwamba masale aliyapanda yeye, asubuhi aliyaacha yamesimama, na jioni aliporudi aliyakuta yamelala chini, majani bado mabichi.