Bikaboneti si dawa ya matumbawe: dhana potofu kuhusu maji ya akwariamu mjini Goma

Mwezi huu nimeitwa mara nne kuangalia matumbawe yanayodhoofika katika nyumba za Himbi na Katindo, na mara zote nne nimekuta kando ya akwariamu pakiti ya bikaboneti, ile ile ya wakaanga mandazi, pamoja na kijiko cha chai kilichogandiwa na unga mweupe. Maelezo nayo hayabadiliki, ni yale yale ya pH, kipimo cha asidi ya maji: "Fundi, pH iko chini, kila asubuhi ninaongeza kijiko, lakini haipandi." Nikiuliza alkaliniti, yaani uwezo wa maji kuhimili asidi, imefika ngapi, mwenye nyumba hunitazama kana kwamba nimeuliza bei ya ng'ombe. Kwa kuwa nimechoka kurudia somo moja sebule baada ya sebule, ninaliandika hapa.

Wanaodhani hivyo huamini kwamba pH ikisoma 7.8 au 7.7, maji yamepungukiwa na kitu na lazima kitu hicho kimiminwe. Ukweli ni kwamba pH ya maji ya chumvi hutokana na mambo mawili yanayovutana, yaani alkaliniti na hewa ya ukaa iliyoyeyuka ndani ya maji. Alkaliniti ikibaki pale pale, kila hewa ya ukaa inapoongezeka maradufu pH hushuka kwa takriban 0.3. Maji yenye alkaliniti ya dKH 8 (dKH ni kizio cha kuipimia) yanayopata hewa safi ya nje husimama kati ya 8.1 na 8.3, maji hayo hayo yakikaa katika sebule iliyofungwa madirisha, yenye watu wanane mbele ya televisheni na mbabula ya makala ikiwaka chumba cha pili, yatateremka hadi 7.8 bila kupungukiwa na chochote. (Mbabula hiyo itoke nje kwa ajili ya watoto kwanza, matumbawe yatafuata.)

Bikaboneti haiondoi hewa ya ukaa. Inachopandisha ni alkaliniti, na inaipandisha haraka kuliko watu wanavyofikiri: kijiko kimoja cha chai, takriban gramu 6, katika lita 200 za maji huongeza karibu dKH 1. Anayeweka kijiko kila asubuhi kwa wiki moja huanza na 8 na kuikaribia 15, huku pH ikiwa bado chini, kwa hiyo naye huongeza kijiko cha pili. Hapo ndipo ninapoitwa. Ncha za matawi ya Akropora, tumbawe la jamii ya matawi, zimeungua na kuwa nyeupe, nyama imeanza kubanduka kwenye mfupa, na kipasha maji pamoja na pampu vimevaa gamba gumu jeupe, ambalo ni kalsiamu iliyoganda pamoja na kaboneti badala ya kubaki majini ikiwangoja wenyewe walioihitaji. Mgonjwa alikuwa na shida ya hewa, akatibiwa kwa sumu ya polepole.

Kipimo cha kutofautisha mambo haya hakigharimu hata faranga moja. Chota glasi ya maji ya akwariamu, pima pH yake, kisha itoe nje, mbali na jenereta, uipulizie hewa kwa jiwe la hewa muda wa saa moja, upime tena. Ikipanda kutoka 7.8 hadi 8.1 au zaidi, kosa liko katika hewa ya nyumba na hakuna cha kumimina. Isipopanda, pima alkaliniti. Ikiwa chini ya 7, sasa tunaweza kuzungumza juu ya kuongeza, tena kwa kiasi kisichozidi dKH 1 kwa siku. Upime pia saa ile ile kila siku, kwa sababu pH huwa chini kabisa alfajiri, baada ya usiku mzima wa kupumua bila mwanga, na hupanda kufikia jioni. Anayepima leo asubuhi na kesho magharibi analinganisha usiku na mchana.

Watu wa Goma hawana udhuru wa kutoijua hewa hii, kwani sisi ndio tulioipa jina la mazuku pale inapotoka ardhini na kulala katika mabonde, hasa upande wa magharibi kuelekea Sake, ikiua mbuzi na wakati mwingine watu. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hivyo hujikusanya chini. Ninaposhauri mpira wa kuvutia hewa wa mashine ya kutoa povu, inayosafisha maji kwa mapovu ya hewa, upelekwe nje ya nyumba, ambalo ndilo tiba bora ninayoijua kwa pH ya chini, nasisitiza mdomo wa mpira uwekwe juu ukutani, kamwe si kwenye shimo la uani wala karibu na jenereta. Nyumba nyingi hupona kwa hilo pamoja na dirisha moja kuachwa wazi. Ikibaki haja ya kusaidia kidogo, tumia maji ya chokaa yanayodondoka polepole usiku, kwa sababu yenyewe hunyonya hewa ya ukaa na kuleta kalsiamu pia. Lakini iwe chokaa safi ya akwariamu, wala si ile ya kupakia kuta.

Kwa yule ambaye amekwisha fika 15, asikimbilie asidi. Abadilishe asilimia 15 ya maji kila siku kwa maji mapya yenye alkaliniti ya 8, na kwa hesabu hiyo atashuka kwa takriban dKH 1 siku ya kwanza na pungufu siku zinazofuata. Matumbawe yanaudhika zaidi na mabadiliko ya ghafla kuliko na namba mbaya iliyotulia.

Kuna wanaolaumu mwinuko, kwamba mji wetu uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na ndiyo maana pH haikai sawa. Ni kinyume. Mgandamizo wa hewa hapa ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya sita, hivyo hewa ya ukaa inayoyeyuka ni pungufu kidogo, na pH ingepaswa kuwa juu kidogo sana. Kinachopungua kwa hasara ni oksijeni, na hilo ni sababu nyingine ya kuyatikisa maji vizuri juu, hasa umeme unapokatika.

Wengine huniambia: "Maji ni angavu, kwa hiyo ni safi." Amonia haina rangi, wala nitreti, wala shaba kwa kiasi kinachoua matumbawe.

Shaba yenyewe inastahili neno moja zaidi, kwa sababu huingizwa na mwenye nyumba kwa mkono wake. Samaki akipata madoa meupe, hununuliwa dawa yenye shaba na kumiminwa humo humo. Samaki hupona, matumbawe hufa, na mtu hushangaa kwamba maji yanayomfaa samaki yameua kingine. Shaba hunata kwenye mawe na mchanga na kurudi majini baadaye. Mgonjwa atibiwe katika chombo kingine.

Kuhusu maji ya Ziwa Kivu, ambayo nimesikia yakisifiwa kuwa "ya chumvi kidogo": yana karibu gramu 1 ya chumvi kwa lita, bahari ina 35, na nyingi ya hiyo moja ni bikaboneti. Maji ya mvua nayo hupitia moshi wa Nyiragongo, yakachukua asidi na floridi, kisha hutelemka kwenye mabati yenye zinki. Chujio la osmosi, linaloondoa hata chumvi iliyoyeyuka, ndilo jibu, na kipima chumvi kisome sifuri kabla hujakoroga chochote.

La mwisho ni la mama mmoja wa Katindo, mtu makini sana, aliyekuwa akijazia maji yaliyokauka kwa maji ya chumvi "ili yasipungue nguvu". Maji hukauka, chumvi haikauki. Lita 2 kwa siku katika lita 200, kwa siku 30, ni gramu 2,100 za ziada, yaani kutoka 35 hadi zaidi ya 45. Rifraktomita yake, kifaa cha kupima chumvi, ilisoma 35 siku niliyofika, kwa kuwa haikuwahi kusahihishwa tangu itoke kwenye boksi.